Gari Langu Limenenepa, Mimi Nimekonda

Ndugu yangu, usinunue gari jembamba. Nakwambia kabla hujakaa. Mimi nina Suzuki Jimny, ile ndogo ya Japani. Gari imara, sikatai. Lina ekseli nzima mbele na nyuma, lina foo-wili ya kweli, linapanda kilima ambacho magari ya wenye pesa yanaomba msamaha. Lakini wembamba wake! Hata mbuzi wa mtaani kwetu hawalikimbii. Wanalitazama, wanapima kwa macho, wanaona nafasi ipo, wanaendelea kutafuna.

Wajuzi wanasema kosa si la gari, kosa ni la kodi. Kule Japani kuna daraja la magari madogo, wanayaita kei, na mwenye nalo analipa kodi ndogo. Sharti ni vipimo. Tangu 1998 upana usizidi mita 1.48, urefu mita 3.40, injini cc 660. Basi Mjapani akalinunua, akafaidi nafuu yake, akaliendesha mpaka akalichoka, akalipakia melini. Likashuka Dar. Ile nafuu ikabaki Japani. Mimi ushuru nililipa wa mtu mnene. Nilichorithi ni wembamba peke yake.

Sasa njoo kwetu huku ndanindani, barabara ya udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, malori ya mchanga yanachimba mifereji miwili. Lori linaingia yote miwili, safi. Land Cruiser nayo inajibana, inapita. Mimi tairi la kulia likiingia mferejini, la kushoto linabaki juu ya tuta. Hapo gari linakwenda upande. Na mimi ndani yake naenda upande.

Na siku ya siku nikampakia mama mkwe. Mama mkwe, ndugu yangu! Mtu ambaye hata kupiga chafya mbele yake natamani nitoke nje kwanza. Kakaa kushoto, kajitanda khanga yake vizuri. Tairi la kulia likadumbukia. Gari likalala. Mama mkwe akaanza kuteleza kuja kwangu. Akashika dashibodi. Akashika mlango. Mwisho akanishika mimi. Bega lake begani kwangu, kilemba chake sikioni kwangu, trei ya mayai ya kienyeji mapajani kwangu. Hakuna aliyesema neno. Mimi natazama mbele, yeye anatazama mbele, mayai yanatutazama. Tulikwenda hivyo mpaka darajani. Kushuka akajifunga khanga upya, akaniambia kwa upole kabisa: "Baba, Mungu akujalie nawe upate gari."

Nipate gari! Nilikuwa naendesha nini?

Nikaenda kulalamika kibandani kwa muuza chipsi. Unajua pale kila mtu ni injinia. Mmoja akasema uza. Mwingine akasema nibebe viroba vya mchanga. Akatokea dereva mmoja wa watalii, huwa anarudi nyumbani msimu wa mvua wageni wakipungua. Huyo nikamsikiliza kwa sababu alikuwa na kofia. Akasema, "Bro, funga spesa."

Nikaitikia kwa kichwa, mtu mzima. Sikuwa na habari spesa ni nini. Bahati nzuri wajuaji hawasubiri kuulizwa. Akaeleza mwenyewe. Ni kipande cha aluminiamu, mviringo, kinene, kinakaa kati ya habu na ringi. Kinasukuma tairi nje. Ukiweka cha milimita 30 kila upande, kati ya tairi na tairi umeongeza sentimita 6. Gari linatanua miguu. Kwenye mteremko wa pembeni halitishii kupinduka ovyo. Na ukitaka kuvaa tairi pana, halisagi vyuma vya ndani unapokata kona yote.

Tena akasema hata wakubwa wanafunga. Toyota ilipoingiza V8 ya dizeli kwenye Land Cruiser ya 70 mwaka 2007, ilibidi watanue mbele injini ienee. Nyuma hawakugusa. Mbele ikaizidi nyuma kwa karibu milimita 95. Kwa hiyo kwenye mchanga mzito tairi za nyuma hazikanyagi pale zilipokanyaga za mbele. Zinachimba njia yake, gari linavuta kwa tabu. Ndiyo maana wapo wenye nazo wanafunga spesa nyuma, njia ziwe moja.

Nikafarijika sana. Kumbe mimi na wenye V8 tuna ugonjwa mmoja. Nikauliza, "Mimi nifunge mbele au nyuma?"

"Kote."

"Na kwenye tairi la akiba?"

Kibanda kizima kikaanguka kicheko. Muuza chipsi alicheka mpaka akasahau kunirudishia chenji. Nikaona aibu kuidai. Mpaka leo anayo.

Nikashuka Gerezani, kwenye maduka ya spea. Kijana wa kaunta hata hakuniamkia. "PCD ngapi, bosi?" Nikamjibu, "Nne. Moja kila tairi." Akaniangalia. Akamwita mwenzake wa stoo. "Hebu rudia, mzee." Nikarudia, tena kwa sauti, nikidhani hawakusikia. Kumbe anataka kujua kipenyo cha duara linalopita katikati ya boliti za tairi. Jimny ina boliti 5, duara milimita 139.7. Mtu mwenye nafsi yake atajuaje hilo? Mimi namba ya kiatu changu mwenyewe naulizia nyumbani.

Halafu spesa ziko za aina mbili. Kuna sahani tupu, unaichomeka kwenye boliti zilezile za gari, unarudisha ringi, unakaza. Bei yake tamu. Nikaishika hiyo hiyo. Fundi wangu akanipokonya. Anasema ukiweka sahani nene, nati inabaki na nyuzi chache za kushika, na tairi likichomoka litakupita barabarani, utalipungia mkono. Aina ya pili ina boliti zake. Unaikaza kwenye habu kwanza, halafu ringi inafungwa kwenye boliti za spesa. Na tundu lake la katikati lazima likae sawasawa kwenye habu, la sivyo stelingi itatetemeka. Bei yake ndiyo hii inayonifanya nikope sukari kwako.

Nikamwuliza fundi, kama 30 ni nzuri, kwa nini tusipachike mbilimbili? Akaweka spana chini.

"Bosi, una watoto?"

"Watatu."

"Basi 30 zinatosha."

Zikafungwa. Nikalitazama kwa nyuma. Limekaa! Limesimama kibabe. Nikalipeleka nyumbani polepole, kioo chini, kiwiko nje. Nikaegesha mbele ya jirani mwenye Prado. Nikashuka, nikaegemea bonge la tairi, nikasubiri. Akatoka, akanitazama juu mpaka chini. Akasema, "Jirani, umenyoa?"

Umenyoa! Laki zote zile, na mtu anaona kidevu. Nikaingia ndani kwa mama watoto. Nikamwambia toka uone. Akatoka, akazunguka gari lote, akasema, "Umeliosha." Sikuliosha.

Nisiwe mchoyo lakini. Ukweli ni kwamba linasaidia. Kona haliyumbi kama zamani. Kwenye mteremko wa pembeni tairi za juu hazinyanyuki kunisalimia. Mifereji ya malori bado mipana kuliko mimi, sentimita 6 haziwezi kumfanya Jimny awe lori. Ila sasa nalala nusu nusu. Mama mkwe akipanda tena, nadhani atabaki na upenyo wa heshima.

Sasa sikiliza mabaya, maana hayo hakuna aliyenisimulia pale kibandani.

La kwanza, matope. Tairi likitoka nje ya madigadi, tope halina pa kupigia ila kwa watu. Milango yangu sasa haijulikani rangi. Juzi nimepita kwenye dimbwi taratibu kabisa, pembeni kuna dada kavaa gauni la kitchen party. Tope likaruka, likakata kona, likamfuata. Nikasimama nimwombe radhi. Hilo ndilo lililoniponza. Angejuaje namba ya gari kama ningekwenda zangu? Gauni nimelipa. Viatu nimelipa. Nywele tumekubaliana nusu.

La pili, stelingi. Fundi anasema tairi likikaa mbali na pale linapogeukia, kila jiwe linapata mkono mrefu wa kuvuta. Kweli. Shimo likiwa kushoto, mikono yangu inakwenda kushoto bila kuniuliza. Kuegesha sokoni natoka jasho. Na nikikata kona yote, tairi linasugua plastiki ya ndani, kwaruuu. Watu wote sokoni wanageuka, halafu wanamtazama dereva kwa huruma.

La tatu, mtetemeko. Hizi Jimny zikizeeka, beringi za kingipini zikichoka, mbele huwa kunaanza kucheza. Spesa si mama wa ugonjwa huo, ila anaulea. Nikifika kama 70, stelingi inaanza kidogo kidogo, mara gari zima linacheza singeli. Nilimpa lifti jamaa anakwenda Kibaha. Akashuka Kimara. Akasema amekumbuka ana shangazi pale. Nikamwona kwenye kioo anapanda daladala ya Kibaha.

La nne, beringi. Uzito wa gari ni uleule, ila sasa tairi linaubebea mbali zaidi na habu. Beringi inabanwa upande, boliti zinavutwa, kingipini zinakula mshahara wa watu wengine. Kila sentimita unayoitoa nje, kuna chuma ndani kinalipia. Na hicho chuma hakina pesa. Kinanitumia mimi bili.

La tano ndilo linaninyima usingizi. Nati. Zamani nilikuwa na nati 20 za tairi, basi. Sasa kuna 20 za nje zinashika ringi na 20 za ndani zinashika spesa. Za ndani huzioni. Ukitaka kuzikagua unavua tairi. Fundi aliniambia baada ya kilomita 100 hivi nirudi azikaze tena, maana chuma kipya kinajikalia. Nikamwona tapeli. Suti nikishonewa, huwa narudi wiki ijayo fundi avikaze vifungo? Tena zinatakiwa spana yenye kipimo, nati za Jimny ni karibu Nm 100. Ukilegeza zinafunguka, ukizidisha boliti zinavutika. Fundi wangu spana hiyo hana. Kipimo chake ni kuguna. Akiguna mara moja, imekaza. Akiguna mara mbili, ondoka.

Basi sasa nikisikia mlio wowote nasimama. Nakwenda na wili spana kila mahali. Msibani nayo. Harusini nayo. Mzee wa kanisa ameniuliza kama nina ugomvi na mtu.

Bado bima. Nilipiga simu kuulizia tu, wakala akauliza kwa sauti ya upendo, "Gari lina marekebisho yoyote tofauti na lilivyotoka kiwandani?" Nikakohoa. Nikasema mtandao unasumbua. Kumbe kitu kama hicho unatakiwa utamke, usipotamka siku ya ajali wana pa kushikia. Sasa nitatamka vipi wakati mama watoto yuko pembeni na yeye anaamini niliosha?

Nikarudi kwa fundi, nimechoka. Nikamwambia toa. Akasema akitoa, wembamba unarudi. Nikasema basi acha. Akasema akiacha, beringi zinakwenda. Nikamwambia chagua wewe, wewe ndiye fundi. Akavuta stuli. Akasema kuna njia ya tatu: ringi zenye ofseti ndogo, yaani zinazokaa nje zaidi. Ringi ya Jimny ya inchi 16 ina ofseti ya +22. Ukiiwekea spesa ya 30 ni sawa na kufunga ringi ya -8. Kwa hiyo unanunua ringi ya -8, spesa unatupa. Tairi linakaa palepale, na nati zinarudi 20.

Nikaruka juu. Nati 20! Nikauliza, na beringi itapona? Akacheka. "Beringi haijui umetanua kwa spesa au kwa ringi, bosi. Mzigo ni uleule. Utakacholala nacho vizuri ni nati tu. Tope litaruka, stelingi itavuta, beringi utanunua."

Yaani nilipe tena, nibaki na matatizo yote, nipunguziwe moja. Nimepiga hesabu usiku kucha. Naona ni dili zuri.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hapo ulipo una laki tatu? Hata mbili. Spesa nakuachia dhamana. Ni kama mpya, zina matope kidogo tu.