Mheshimiwa Waziri, Mkopo wa Nyumba Ufuate Hatua za Ujenzi

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi



Nakuandikia kutoka Haneti, wilaya ya Chamwino, nikiwa mzazi ambaye watoto wake, kama watoto wa majirani zake wengi, wanafanya kazi Dodoma mjini.

Naomba kwanza nishukuru. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifikiwa mwaka 1973, nasi tukasubiri mpaka 2016 ndipo Serikali ikaanza kuhama kwa dhati. Leo wizara ziko Mtumba, Ikulu iko Chamwino, na tangu 2024 treni ya umeme inafika. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini; ya 2022 ikahesabu 765,179. Hizi ni baraka, na tunazipokea kwa mikono miwili.

Hata hivyo, Mheshimiwa, kwa ruhusa yako, niseme linalotusumbua wazazi. Kiwanja kikishapimwa na barabara ikafika, bei hupanda kabla mwalimu au muuguzi kijana hajamaliza kudunduliza. Anabaki mpangaji, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Fedha hiyo mara nyingi inatoka huku kijijini: ng'ombe anauzwa, alizeti inauzwa, na mwisho wa mwaka hakuna hata tofali moja lililosimama.

Naomba niweke hesabu mbele yako. Nyumba ya shilingi milioni 50, ikinunuliwa kwa mkopo wa miaka 15 wenye riba ya asilimia 15, inadai marejesho ya takriban shilingi 700,000 kila mwezi. Kima cha chini cha mshahara serikalini, baada ya nyongeza ya Julai 2025 ambayo tunaishukuru sana, ni shilingi 500,000. Riba hata ikishuka hadi asilimia 9, marejesho bado yanapita 507,000. Mwenye mshahara huo hawezi kulipa hata akishinda na njaa.

Sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008, na kampuni ya Tanzania Mortgage Refinance Company (TMRC) iliyoanzishwa 2010, zimeziwezesha benki kukopesha kwa muda mrefu. Ni kazi njema. Lakini mikopo hiyo humfaa zaidi anayenunua nyumba iliyokamilika, ilhali wengi wetu hujenga. Tunaanza na kiwanja, tunafyatua tofali, tunamwaga msingi, tunainua boma, kisha boma linanyeshewa misimu kadhaa likisubiri bati. Vyumba viwili vikipata milango, familia inahamia. Plasta na dari vitafuata.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa unyenyekevu tunaomba mambo matatu. La kwanza, katika kila mradi mpya wa viwanja Dodoma, sehemu itengwe kwa wenye kipato cha chini, walipe kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, na kiwanja hicho kisiuzwe kwa mtu mwingine kabla hakijajengwa. La pili, iwepo mikopo midogo ya msingi, ya boma na ya kupaua, kila mmoja ukilipwa kabla ya mwingine kutolewa. Benki Kuu iliwahi kuwa na mfuko wa mikopo midogo ya nyumba. Tunaomba uzoefu huo ufikishwe kwa mwalimu wa Nzuguni na mama lishe wa Chang'ombe. La tatu, masharti ya umiliki yanayotaka ujenzi ukamilike ndani ya miezi 36 yalegezwe kwa anayeonekana kweli anajenga, ili asiishi kwa hofu ya kunyang'anywa jasho lake.

Hatuombi nyumba za bure. Vijana wetu wana mikono, na wengi wao ndio mafundi waliojenga majengo ya Mtumba. Tunaomba sheria na mikopo viende kwa mwendo wa mfuko wao, kwa sababu mji ambao anayeujenga hawezi kulala ndani yake utakirudishia kijiji madeni badala ya maendeleo.

Ukipata nafasi ya kupita Haneti, karibu sana. Wazazi wa huku wako tayari kukueleza haya ana kwa ana.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi wa Haneti