Jinsi ya Kuwa Benki Kuu ya Mtaa Wako

Hongera! Umepata leseni ya kuuza bia Birmingham, Malkia Victoria yuko kitini, na kinachokunyima usingizi ni kimoja tu: mteja huja na fedha, halafu huondoka na chenji. Dawa yake ni hii.

1. Chapisha fedha yako. Bunge lilipiga marufuku sarafu za shaba za wafanyabiashara mwaka 1817, lakini hilo lisikutishe. Yako si sarafu, ni tokeni: hati ya kiu. Mafundi mihuri wamejaa mjini. Agiza viduara vya shaba ya njano: upande mmoja jina lako, la baa na la mtaa, kwa herufi kubwa, upande wa pili thamani, peni 1½ au 3. Fundi naye atachomeka jina lake. Mvumilie, kila mtu na tangazo lake.

2. Zisambaze kwa burudani. Kiingilio cha ukumbi wa nyimbo kiwe peni 3, na mlangoni mpe mteja tokeni ya kinywaji. Atajiona ameimbiwa bure. Nyuma ya baa weka vigingi vya kuangusha kwa mpira: anayeshindwa ananunua tokeni, anayeshinda anainywa. Mmoja amekulipa, mwingine anakushukuru. Askari akikukumbusha kwamba sheria ya 1872 inakataza kamari baa, mwambie ni mazoezi ya viungo.

3. Karibisha chama cha kuzikana. Chumba wape bure, mradi kila mwanachama anywe kiasi mlichopatana, kwa tokeni. Watachangia jeneza huku wakilisogelea.

4. Omba zipotee. Tokeni iliyodumbukia mtaroni ni bia iliyolipiwa ambayo hutaimimina milele. Mfuko uliotoboka ni mbia wako, na hadai gawio.

5. Jihadhari na Jumamosi usiku. Tangu 1883 sheria inakataza kulipia mishahara baa, lakini haikatazi mshahara kutembea wenyewe hadi kaunta. Mume akishalala, mke hupekua suruali. Hapati shilingi, anapata viduara vinne vya njano. Asubuhi mwoka mikate anavigeuza, anavirudisha: dukani kwake havinunui hata ukoko.

Mke naye anavigeuza. Jina lako hili hapa, la baa, na la mtaa. Kwa herufi kubwa.

6. Funga mlango.