Goti Langu na Mabingwa wa Mtaa

Ukitaka kujua majirani zako wamesomea nini, chechemea. Asubuhi moja nilitoka nyumbani nimeshika kiuno, goti la kulia likiniwaka moto, na kabla sijafika kituoni nilikuwa nimeshatibiwa na mtaa mzima. Mangi wa dukani akasema ni gauti, nipunguze nyama. Nyama yenyewe mara ya mwisho niliionja Idi, tena kwa jirani. Mama wa vitumbua akasema baridi yabisi. Fundi seremala hata goti hakulitazama: "Baba Asha, hicho ni kitanda," akaanza kunipimia futi kwa macho. Kijana wa bodaboda akalaumu daladala.

Huyu nusura nimwamini. Kwa urefu wangu, kusimama ndani ya kipanya ni kurukuu kutoka Tandika hadi Kariakoo, dari limenikalia kisogoni, konda anapiga kelele, "Rudi nyuma mzee, nyuma kweupe!" Huko nyuma watu wamebebana.

Hospitalini, dada wa fiziotherapia alinilaza chali, akauinua mguu ukiwa umenyooka. Haujafika hata nusu, shoti ikanipiga kiunoni, ikapita takoni, ikashukia kwenye kigimbi. Nilimwita mama, naye ni marehemu.

"Goti halina neno, baba. Ni neva ya siatiki."

Hiyo ndiyo neva nene kuliko zote mwilini. Inaanzia kiunoni na matawi yake yanafika unyayoni, basi ikibanwa juu, kelele zinasikika chini. Kisha akakibonyeza kitambi, akasema kila kilo ya ziada goti hulihisi kama kilo nne katika kila hatua. Hapo sikumjibu.

Akataka nitoe kilichomo mfuko wa nyuma. Nikatoa pochi, akaipokea kwa mikono miwili. Ukiikalia, tako moja linapanda, nyonga inakaa upande, neva inasagwa. Mwaka 1978 daktari mmoja aliandika katika jarida la madaktari la Marekani juu ya maumivu ya kukalia pochi iliyojaa kadi za benki. Wenzetu wanaumizwa na mikopo! Yangu tulipoimwaga mezani ilitoa risiti za LUKU zilizofutika wino, picha za pasipoti za enzi nina nywele, namba ya fundi bomba aliyeshahama mji, na kadi ya mchango wa harusi iliyokunjwa mara nne, ndoa yenyewe imeshavunjika. Pesa ilikuwa noti moja ya elfu mbili. Dada akaigeuza huku na huku, akanirudishia. Hiyo, akasema, naweza kuendelea kuikalia.