Mwaridi Mlafi wa Isevya

Mwenyekiti wa kamati ya harusi alisimama kivulini, mpambaji akasimama juani, nami katikati nimenyoosha mkono kuonyesha mmea ambao nimekuwa nikiutaja vikaoni kwa sauti ya mtu mwenye ng'ombe wengi. Ilikuwa jana, na masikio bado yananiwaka. Mbele ya daftari la michango niliahidi kwamba maua ya bibi harusi, mtoto wa dada yangu, yatatoka uani kwangu hapa Isevya, Tabora: mawaridi mekundu, mabichi, yaliyokatwa alfajiri. Mwenyekiti akaandika "maua: mjomba", akachora mstari juu ya kifungu cha maua kwenye bajeti, na fedha zile zikahamia kwenye vinywaji. Sasa walikuwa wamekuja kukagua.

Mpambaji, binti mpole sana, aliuzunguka mmea. Ulikuwa umenipita kimo. Matawi yake yalikuwa yamepanda ukuta na kumwagikia upande wa pili, kwa jirani, na miiba ilikuwa imeshika kilemba cha Mwenyekiti na haikuwa na nia ya kukiachia. Majani mabichi, yenye afya, mengi ajabu. Ua hata moja hakuna.

"Shikamoo baba," binti alisema, ingawa tulikwisha kuamkiana getini. "Maua yako wapi?"

Nikamwambia yako njiani. Akainama, akachungulia chini, akainuka.

"Samahani baba. Huu si mchongoma?"

Hapo ndipo upande wa pili wa ukuta kiliposikika kicheko. Bi mkubwa jirani yangu hacheki ovyo, na hupanda miembe ya kubebesha tangu enzi ambazo mimi nilikuwa nikiirushia mawe. Alizunguka kwa geti bila kukaribishwa, akachuchumaa, akafukua udongo kwa ncha ya fimbo mpaka kikaonekana kifundo kwenye shina, kinono, cha rangi ya kahawia. Juu ya kifundo kulisimama kijiti kikavu, chembamba, chenye makovu ya kukatwa. Chini ya kifundo, kutoka upande, lilitoka lile jitu lililopanda ukuta.

"Waridi lako hili hapa, mwanangu," alisema akigonga kijiti kwa fimbo. "Limekufa siku nyingi. Huyu mwingine uliyekuwa ukimlisha ni shina lake."

Mwenyekiti aliomba kalamu.

Niseme mapema kwamba sikubali kuitwa mzembe. Mzembe ni mtu anayepanda kitu na kukisahau. Mimi nililisha. Nililisha kwa ratiba, kwa kizibo cha soda, kwa samadi iliyooza vizuri na iliyochekechwa. Kwa ulishaji ule pangekuwa na waridi, lingekuwa limeshinda tuzo. Tatizo ni nani aliyekuwa anakula.

Na hili jambo, nikiweka aibu kando, ni la ajabu kweli. Mwaridi unaonunua kwenye kitalu mara nyingi si mmea mmoja. Ni miwili. Juu kuna waridi lenyewe, lile jekundu lenye jina na picha. Chini kuna mwaridi mwitu, wenye mizizi yenye nguvu, usiojali udongo mbaya wala maji yenye chumvi. Fundi hupasua gamba la ule wa mwitu, huchukua jicho moja tu la waridi zuri, kipande kidogo chenye chipukizi lililolala, hukiingiza ndani ya mpasuo na kufunga kwa utepe. Chini ya gamba kuna utando mwembamba wa kijani ambamo mti hukulia unene. Utando wa huyu ukigusana na utando wa yule, katika wiki chache vinashikana, maji yanaanza kupita, na jicho la mgeni linaamka likidhani liko kwao. Fundi hukata kichwa cha mwitu chote, na kuanzia hapo mizizi ya mmoja inafanya kazi kumstawisha mwingine.

Lakini mwitu hausahau. Chini ya kifundo unabaki na macho yake uliyoyaficha, na siku yoyote unaweza kusukuma chipukizi lake mwenyewe. Chipukizi hilo halihitaji kuvuka kifundo wala kuomba ruhusa. Limeketi mlangoni kwa mizizi. Chakula cha mmea hugawanywa kama chakula cha bwenini: anayefika mbele kwa nguvu ndiye anayejaziwa sahani. Likishapata urefu, linalifunika waridi kwa kivuli, waridi linadhoofu, na kadiri linavyodhoofu ndivyo linavyopewa kidogo. Watu husema uhesabu vijani: waridi la bustani lina vitano kwenye kikonyo kimoja, la mwitu lina saba. Bi mkubwa anasema huo ni uongo wa wavivu, kwa sababu yako mawaridi mazuri yenye saba pia. Njia ya uhakika ni kufukua na kuangalia limetokea wapi. Likitoka chini ya kifundo, linyofoe kwa mkono mpaka kwenye kitako. Ukilikata kwa mkasi unaacha macho pale chini, na badala ya moja yanarudi manne.

Mimi nililikata kwa mkasi mara kadhaa nikiamini napogoa. Lilinishukuru kila mara.

Kwa nini halikutoa hata ua moja? Hapa ndipo nilipomsikiliza Bi mkubwa mpaka chai ikapoa. Miwaridi mwitu mingi inayotumika kuwa mashina asili yake ni nchi zenye majira ya baridi, nayo huchanua mara moja kwa mwaka, baada ya baridi kuiamsha. Tabora ina baridi gani? Tuna asubuhi chache za Juni na Julai ambapo watu huvaa makoti ili majirani wajue wanayo. Tabia ya waridi kuchanua na kuchanua tena mwaka mzima ilitoka China, kwa miwaridi iliyopelekwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 na kuchanganywa na ya huko. Tabia hiyo ilikuwa kwenye kile kijiti kikavu. Jitu langu lilikuwa bado linasubiri theluji.

Sasa tuje kwenye mbolea, maana kamati imeamua kwamba mbolea ndiyo chanzo, na kamati haijui kitu.

Mfuko wa mbolea huwa na namba tatu. Ya kwanza ni naitrojeni, ambayo ni majani. Ya pili ni fosforasi, ambayo ni mizizi hasa. Ya tatu ni potashi, inayosaidia ua, uimara wa shina na kustahimili ukame. DAP ni 18 na 46, potashi hamna. Urea ni 46 ya naitrojeni peke yake, majani na majani na majani. Waridi hulishwa kidogo kidogo, kila baada ya wimbi la maua, mbali na shina, kwenye udongo uliokwisha kumwagiwa maji. Mbolea ni chumvi, na chumvi nyingi kwenye udongo mkavu huyavuta maji kutoka ndani ya mizizi badala ya kuyapeleka. Mmea unakauka kingo za majani huku ukiwa umeshiba. Urea ukiiacha juu ya udongo wenye unyevu na joto hugeuka hewa na kuondoka; ukipita asubuhi unainusa kabisa, fedha yako inapaa. Inafukiwa, inamwagiwa maji. Majivu ya jikoni yanaongeza potashi, lakini kiasi, maana yanapunguza uchachu wa udongo na waridi linapenda uchachu kidogo. Samadi mbichi ya kuku inaunguza. Ya mbuzi iliyolala miezi kadhaa ni dhahabu, hasa kwenye kichanga hiki chetu ambacho mvua za Novemba hadi Aprili zinakisuuza naitrojeni yote mpaka chini kusikofikiwa na mzizi.

Yote haya ninayajua. Nimeyajua kwa kuuliza, si kwa kuambiwa, na hapa kicheko changu kinaanza kupata uchungu.

Nenda duka lolote la pembejeo hapa mjini useme unataka mbolea ya maua. Muuzaji atakuangalia kwa huruma. Mbolea iliyopo ni ya tumbaku, ile NPK ya 10-18-24, na ni mbolea iliyofikiriwa vizuri kuliko sisi tunavyofikiriwa. Naitrojeni yake ni ndogo kwa makusudi, kwa sababu jani la tumbaku ya mvuke likishiba naitrojeni halikomai vizuri wala halikauki kwa rangi inayotakiwa. Potashi yake hutolewa isiwe ya kloridi, kwa sababu kloridi huharibu jani lisiungue vizuri kwenye sigara. Yaani mtu fulani, mahali fulani, amekaa akafikiria sigara itakavyoungua kwenye midomo ya watu, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye mfuko unaofika chama cha msingi Urambo au Sikonge. Nimeuliza ushauri wa mwaridi ofisi moja, nikapewa kipeperushi cha tumbaku. Nikauliza nyingine, nikapewa kipeperushi kile kile. Mkoa mzima tumefundishwa kulisha jani ili likachomwe, na kulikausha kwenye mabani kwa magogo ya miombo, mpaka misitu ile ile inayotupa asali tunayojivunia inazidi kurudi nyuma. Wa kutufundisha kulisha ua hakutumwa mtu.

Halafu duka likikupimia rejareja, mbolea huingia kwenye mfuko mweupe usio na namba wala jina. Punje nyeupe. Ni urea? Ni CAN? "Ni ya kukuzia, mzee." Ilikuza.

Wakati huo huo, kule Arusha, waridi linapewa chakula chake tone kwa tone kupitia mipira, kila tone limepimwa. Linakatwa, linapozwa, na mengi yamekuwa yakivuka mpaka kwenda kupanda ndege Nairobi. Naivasha nako ni hivyo hivyo, kwa wingi zaidi. Uholanzi, pale Aalsmeer, yananadiwa kwa saa kubwa ambayo bei yake huanzia juu na kushuka, na wa kwanza kubonyeza ndiye mnunuzi. Bibi harusi wa Tabora anashika waridi la plastiki la kukodi lililokwisha kushikwa na maharusi wengine kabla yake, lenye vumbi la kumbi za Nzega. Nikilalamika naambiwa plastiki haihitaji mbolea.

Nimejaribu kuilaumu historia pia, nikapata kidogo. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani, na Burton aliona kwamba Waarabu wa hapa walikuwa na bustani kubwa zilizopandwa vizuri. Watu hawa walikuwa wa Oman. Kwao, juu kwenye Jabal Akhdar, mawaridi huvunwa kila mwaka na kupikwa kwa mvuke kuwa marashi. Njia nzima ya msafara waliijaza miembe, nasi maembe yake tunayala mpaka leo. Mpagazi alibeba kilo 30 hivi za shanga, nguo na nyaya za shaba. Kipandikizi kimoja cha waridi, kilichoviringishwa kwenye kitambaa chenye maji, kingemwongezea uzito gani? Hata Livingstone, aliyekaa Kwihara, hapa karibu, kuanzia Februari hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani, alikuwa na muda wa kutosha kulitunza. Kilichoanzia kwenye kipandikizi kina mizizi yake mwenyewe. Hakina mtu wa mwitu chini ya sakafu. Ningekuwa na kitu cha kurithi. Badala yake mche wangu ulipanda basi Arusha, ukapita Singida na Nzega ukiwa chini ya kiti, ndani ya nailoni, na kifundo chake kimezikwa kwenye udongo ambako hakuna mnunuzi angekiona.

Mengine yaliyonipata msimu huu ni madogo. Matandazo ya majani makavu niliyoweka kuhifadhi unyevu yaliliwa na mchwa, pamoja na fito, pamoja na kandambili niliyoisahau. Kiroba cha samadi kilipasuka ndani ya bajaji siku ya Ijumaa, na abiria mwenzangu alikuwa amevaa kanzu. Mbuzi wa mtaa alikula mwaridi wa pili, ule wa njano, akaacha lebo.

Leo asubuhi nimempigia simu muuza miche. Nimemweleza polepole, kwa adabu, kuhusu kifundo, macho ya chini na haki ya mnunuzi kuambiwa kwamba ananunua mimea miwili kwa jina la mmoja. Nikamwambia safari hii nataka wa kipandikizi, usiobebeshwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu," alisema, "uliobebeshwa, usiobebeshwa, bei ni ile ile. Nikufungie mingapi?"

Nikamuuliza, basi, angalau niulishe mbolea gani.

"Kwani huko kwenu Tabora si kuna ile ya tumbaku?"