Mguu wa Babu Ughaibuni

Nyumbani kwetu hakuna kochi linalokaa uchi. Kila egemeo lina kitambaa, meza ina chake, televisheni ina chake, na redio ya Babu, ambayo haijatoa sauti miaka mingi, imevishwa kama bibi harusi. Yote hayo ni kazi ya mke wangu. Watu wengine wa Ushirombo jioni hukaa barazani wakihesabu malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Yeye huhesabu mafundo ya uzi. Kufuma alifundishwa na mama yake, naye mama alijifunza kwa masista pale misheni, ile waliyoianzisha Mapadri Weupe mwaka 1891. Ila kuchora hakufundishwa na mtu. Hununua daftari la hesabu lenye miraba, mraba mmoja fundo moja, akachora tausi, korongo, na safari moja, kwa agizo la mteja wa Kahama, trekta. Wafumaji wenzake hupigiwa picha kurasa hizo, wakatumiwa kwenye simu kwa shilingi elfu tatu.

Balaa liliingia kwa ujumbe wa mpwa wangu anayefanya kazi Muscat. Hakusalimia, na si kawaida yake. "Mjomba, mbona mguu wa Babu unauzwa dola sita?"

Tukafungua. Ni soko moja kubwa la mtandaoni, la huko mbali, ambako watu huuziana kazi za mikono na michoro yake. Tausi wetu alikuwa amesimama pale, maelezo ya Kiingereza yakidai ni mchoro wa kale kutoka "pwani ya Afrika". Kutoka Ushirombo hadi baharini sijui malori hulala njiani mara ngapi. Picha ya jalada ilikuwa ya kochi letu. Muuzaji alikuwa ameikata pembeni ili kumwondoa Babu, aliyekuwa amejinyoosha siku hiyo akipunga upepo, lakini mkasi wake haukufika. Kidole gumba kilibaki, na ule ukucha wake uliopasuka katikati tangu ujana alipoangukiwa na gogo. Ukucha huo hauna pacha duniani.

Mpwa, kwa hasira, alinunua PDF yenyewe ili atuhakikishie. Kurasa zilikuwa zilezile za daftari, hadi doa la mchuzi kwenye ukurasa wa pili.

"Yaani," akasema mke wangu, "mwizi amepata na mteja wa ukoo wetu."

Kikao kiliitishwa jioni hiyohiyo. Babu alikalia kochi lenye kesi. Mama mkwe alikuja kutoka kwake, na kwa kuwa heshima ya ukwe kwetu haituruhusu kubanana chumba kimoja, alikaa nje chini ya dirisha, maneno yakipita kwenye nondo. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alifunga kibanda chake cha jirani na stendi akaja na kompyuta. Kwenye kibanda hicho hutoa fotokopi, hupiga picha za pasipoti, na huwaingizia watu nyimbo na filamu zilizotafsiriwa kwenye flashi, kila filamu shilingi mia tano. Naomba msomaji asiisahau biashara hiyo.

Shemeji ndiye aliyetupandisha kichwa. Alitukumbusha kesi ya AY na Mwana FA: mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe shilingi bilioni 2.18 kwa sababu nyimbo zao zilitumiwa kuwa miito ya simu bila ridhaa yao. "Na Mwana FA mwaka 2023 akateuliwa naibu waziri wa wizara ya sanaa," akaongeza, akimtazama dada yake kana kwamba uteuzi wake uko njiani. Basi fedha zikaanza kutumika. Babu alinunua ng'ombe. Mama mkwe, kutoka dirishani, aliezeka kigango. Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye kisima cha umeme jua mke wangu alipouliza fomu iko wapi.

Fomu ilikuwepo, chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi za sisimizi. Masoko haya hayaweki fomu kwa huruma. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998, ile DMCA, inamwambia mwenye soko: mali ya wizi ikiwekwa na mteja wako, wewe hutashtakiwa kulipa fidia, mradi ukipewa taarifa iliyokamilika uiondoe upesi. Kwa hiyo anaisoma taarifa akijilinda mwenyewe. Ikikosa kitu anaiweka kando, na dhamiri yake inalala usingizi.

Swali la kwanza lilitaka tuchague: hakimiliki, alama ya biashara au hataza? Shemeji akaweka vyema zote tatu. Nilimzuia. Hataza ni ya uvumbuzi, na tausi hajavumbua kitu. Alama ya biashara ni mlango mwingine kabisa; ndio Disney walioupitia kusajili "Hakuna Matata" kule Marekani, hadi mwaka 2018 watu wengi wakatia saini kupinga. Letu lilikuwa hakimiliki. Na hapo pia pana mpaka wake: sheria haimpi mtu tausi, wala fundo, wala mtindo. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, na mpaka leo yeyote anaweza kuchora chui mwenye madoa kwa mtindo uliobeba jina lake. Asichoruhusiwa ni kunakili chui wa mchoraji mwenzake mstari kwa mstari. Mama mkwe alipotafsiriwa hilo alishusha pumzi. Alikuwa anahofia tunakwenda kuwashtaki watu kwa kufuma mafundo ya masista.

Swali la anwani likatukwamisha zaidi kuliko sheria. Fomu ilitaka mtaa na namba ya nyumba, nasi maisha yetu yote ni watu wa S.L.P. Mke wangu akakumbuka operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022: si tulipewa namba? Tukatoka na tochi. Mlangoni palikuwa na matundu mawili ya misumari. Babu akakohoa. Alikuwa amekibandua kibao na kukihifadhi chini ya godoro lake, kisiibwe. Kililetwa kimefungwa kwenye khanga, namba ikasomwa, kikarudishwa godoroni. Alipojua kwamba muuzaji anaweza kuonyeshwa jina na mawasiliano ya mlalamikaji, Babu alitutazama kwa namna ya mtu ambaye busara yake imechelewa kueleweka.

Tukafika kwenye tamko la mwisho. Mlalamikaji anaandika kwamba anaamini kwa nia njema kuwa kazi imetumiwa bila ruhusa, na chini ya adhabu ya kiapo cha uongo anathibitisha kuwa yeye ndiye mwenye haki au ameruhusiwa na mwenye haki. Nilitafsiri taratibu, neno kwa neno, na nilipofika kwenye kiapo dirisha likasema, "Simama hapo hapo."

Kimya.

"Mchoro ni wa mwanangu, aape. Hiyo picha je? Nani alibonyeza?"

Nikafungua mdomo kusema ni mimi, kwa sababu simu nilinunua mimi. Mke wangu naye alikuwa anaamini ni yeye, kwa sababu tausi ni wake. Tukaitafuta picha nzima kwenye simu, ile isiyokatwa. Ndani yake mke wangu ameshika kitambaa kwa mikono yote miwili. Babu amelala. Mimi, kwa ushahidi wa tarehe iliyoandikwa kwenye picha, nilikuwa Kahama msibani. Ilibidi tumkumbuke Dada, binti aliyekuwa akitusaidia kazi, aliyeambiwa aache vyombo kidogo aje apige.

Na sheria katika hili haina aibu: mwenye picha ni aliyeipiga, hata kama simu si yake, kochi si lake na mguu si wake. Shemeji alijaribu kutuokoa. Mfanyakazi akitengeneza kitu katika kazi aliyoajiriwa, alisema, haki yaweza kuangukia kwa mwajiri. "Tulimwajiri apike," akajibu dada yake. Mkataba wenyewe ulikuwa wa mdomo, tena mshahara wa mwezi wa mwisho tulimpa nusu, jambo ambalo hapakuwa na mtu aliyependa lifike Marekani.

Dada alikuwa ameshahamia machimboni, upande wa Mbogwe, anawapikia wachimbaji wadogo. Tulikwenda kwa bodaboda, mke wangu mbele, mimi nyuma na daftari. Tulimkuta chini ya turubai kati ya mwalo na makrasha, amenawiri, ana wasichana wawili wa kumsaidia na sauti ya kuamrisha ambayo kwetu hatukuwahi kuisikia. Alituuzia wali maharage. Hakutupunguzia.

Mke wangu alimweleza kila kitu. Dada aliuliza maswali kama hakimu: imeuzwa mara ngapi, nani anapokea, nani ameshakula. Kisha akaeleza anavyoliona jambo hili mtu anayelala palipo na mashimo ya dhahabu.

"Mama, hapa mwenye shamba ana mgao wake. Mwenye leseni ana wake. Mwenye duara aliyegharamia anachukua viroba vyake vya mawe, na wachimbaji walioshuka chini wanachukua vyao. Hakuna anayemwambia mwenzie haumo. Sasa kwenye picha hii kochi ni lenu, simu ni ya Baba, tausi ni wa Mama. Aliyeshuka shimoni ni nani?"

"Ni wewe," mke wangu akakiri.

"Na Babu?"

"Babu alikuwa amelala."

"Basi Babu ni mwenye shamba."

Nimekaa kwenye semina za haki za wasanii, na sijapata kusikia somo likielezwa vizuri namna hiyo kwa mtu aliyeshika mwiko. Wengi wetu tunadhani kazi ina mwenyewe mmoja, yule mwenye sauti nyumbani, na wengine walikuwa wanasaidia tu. Dada aliukata msaada wake katika mafungu yanayopimika. Alidai nusu ya mshahara iliyobaki, ikatolewa palepale, noti zikihesabiwa mbele ya wateja. Akadai mgao wa chochote kitakachopatikana kwa picha. Ndipo akaandika kwenye daftari letu, kwa mwandiko wa duara na polepole, kwamba picha ni yake na anamruhusu Mama wa nyumba aidai kwa niaba yake, akatia saini. Karatasi hiyo ndiyo fomu ilikuwa inaitaka: mwenye haki, au aliyeruhusiwa na mwenye haki.

Tukatuma taarifa mbili, moja ya michoro na moja ya picha, kila moja na kiungo cha ukurasa wenyewe, maana ukisema tu "ameniibia dukani kwake" hakuna atakayekwenda kukutafutia rafuni. Tuliambatisha kurasa za daftari zenye doa, na picha isiyokatwa, mguu mzima.

Picha iliondolewa na haikurudi. Babu mpaka kesho anaamini muuzaji aliuogopa ukucha. Mimi nadhani aliogopa kuapa kwamba ni wake.

Kwenye michoro hakuogopa. Tangazo lilishushwa, kisha tukapata barua pepe: muuzaji amepinga, naye ameapa kwamba imeondolewa kimakosa, na amekubali kushtakiwa katika mahakama ya shirikisho ya huko. Tusipoonyesha ndani ya siku 10 za kazi kwamba tumefungua kesi, bidhaa itarejeshwa. Ndivyo sheria ile ilivyoundwa. Mwenye soko anarudi kando, wawili mkutane kwa hakimu. Shemeji alisema lazima kwanza tusajili mchoro Washington. Si lazima. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne wa hakimiliki tangu mwaka 1994, na sharti hilo la kusajili kabla ya kushtaki Wamarekani wamewawekea kazi za kwao. Ila kwa asiyesajili mapema, hakimu wa kule hampi fidia ile iliyotajwa na sheria wala gharama za wakili. Angebaki kudai hasara aliyoithibitisha, na faida ya mwizi kama ipo. Nikapiga hesabu ya hasara yetu kwa elfu tatu tatu. Haikutosha nauli ya kufika uwanja wa ndege Mwanza. Ng'ombe wa Babu walirudi mnadani, kigango kikabaki na nyasi.

Bidhaa ikarejea na jalada jipya: tausi yuleyule, amefumwa na mkono mwingine, juu ya kochi la ngozi. Mke wangu aliikuza picha hiyo akaitazama muda mrefu. "Shingo ameruka mistari miwili," akasema, na nikaona hilo limemuuma kuliko dola. Siku hizi kila ukurasa anaandika jina lake katikati ya miraba, mgongoni mwa ndege mwenyewe, asikoweza kukatwa. Kazi mpya anapeleka kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Sheria yetu ya mwaka 1999 haisemi haki inaletwa na cheti, haki inazaliwa na kazi. Lakini cheti kina tarehe na mhuri, na hakihitaji mguu wa mtu.

Aliyebaki na kesi ni Shemeji. Mama mkwe alipita kibandani kwake kutoa fotokopi ya kadi ya kliniki ya mjukuu, akakuta vijana wamepanga foleni na flashi. Aliwatazama, akatazama orodha ya filamu ukutani, akauliza kwa sauti iliyofika stendi, "Na hizi nani alibonyeza?"

Wiki ileile bei ikabadilishwa. Filamu sasa ni shilingi mia saba, na chini ya bei ameandika kwa kalamu nyekundu: mia mbili ni haki za wasanii. Nilimuuliza zinawafikiaje. Akasema bado anatafuta fomu.