Sifa za Jenereta Lililogoma

Watu husifu jenereta linalowaka. Lina nini la kusifiwa? Linapiga kelele mpaka adhana haisikiki, linakunywa petroli, na kinyozi akilifungia ndani ya fremu kwa kuogopa wezi, moshi wake una sumu isiyo na harufu, inayoweza kumuua mtu amesinzia kitini. Mimi nalisifu lililogoma. Limetulia, la baridi, halijamdhuru mtu.

Manzese tunayo mengi, hasa yale madogo ya kuvuta kamba, yanayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Yalinunuliwa kwa pupa wakati wa mgao wa umeme, 2011 na tena 2023. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere, kule Rufiji, ukaingiza umeme kwenye gridi. Mitambo yote 9 ina uwezo wa megawati 2,115, basi majenereta yakasukumwa chini ya meza na kufunikwa viroba, petroli ikiwa bado tumboni. Hakuna aliyeyaaga.

Kisha jioni moja transfoma inalipuka, mteja amenyolewa upande mmoja, na ndipo tunapolikumbuka jenereta. Tunalifuta vumbi, tunavuta kamba, tunataka liitike palepale. Binadamu wa Manzese angeitika. Tumezoea kukumbukwa siku ya shida, hasa mwaka wa uchaguzi, na bado tunakuja mbio. Jenereta lina heshima zake.

Tena lina mvuto. Bodaboda anashuka, muuza mitumba anaacha biashara, mama lishe anasogeza birika, na wote wamekuwa mafundi.

“Funga choki, mwanangu!”

“Fungua bwana, ishakunywa hiyo!”

“Kaka, vuta kwa hasira. Unaibembeleza ya nini?”

Mteja wa nusu kichwa naye anavuta, shuka la saluni likiwa bado shingoni.

Akija fundi mwenyewe, hasemi kitu. Anafungua plagi: kavu, nyeusi. Anaipiga msasa, anairudisha kwenye waya wake, anaigusisha kwenye chuma cha injini na kuagiza kamba ivutwe. Cheche ya buluu inaruka. Moto upo, basi ugomvi uko kwenye kabureta. Anafungua kikombe chake cha chini, inatoka petroli ya rangi ya chai, inanuka vanishi. Ile nyepesi iliruka zamani. Iliyobaki imeganda kama gundi ndani ya jeti, kitundu kisichopita hata kichwa cha pini. Fundi anachomoa uzi mmoja kwenye waya wa breki, anachokonoa nao humo taratibu. Kitundu hicho kimesimamisha saluni, friji la soda na mechi ya Simba na Yanga. Nitajieni mkubwa mwenye mamlaka kama hayo.

Dawa ya kuikomesha starehe hii ipo, na ni rahisi mno. Kabla ya kulihifadhi, mwaga petroli ya tenki, kisha liache liungurume mpaka lizimike lenyewe, kabureta ikauke. Likikaa muda mrefu, tia petroli mpya kidogo uliwashe mara mojamoja. Namsihi msomaji asithubutu. Wale washauri wote wataenda wapi, na mama lishe atamuuzia nani chai?