Picha za Vijiti kutoka Liège



Umeuliza kwa nini picha ninazotuma kutoka Ubelgiji hazina mtu, ni vijiti vitupu. Si vijiti hivyo, Shangazi. Ni mahali ndege alipokuwa.

Ndege mwenyewe wataalamu humwita Acrocephalus palustris. Ana gramu kama 12, rangi ya udongo, na hukaa kwenye magugu yanayowasha kando ya mto Meuse. Mimi nimebeba lenzi ya milimita 600, kilo mbili kamili. Lenzi ndefu huona kipande kidogo tu cha dunia: unatafuta, unapata jani, unapata jani jingine, na mwimbaji yuko pembeni anaendelea kuimba. Ukimpata, kamera inajitia ujuaji, inalenga bua lililo mbele yake. Ndege anatoka ukungu mtupu, bua linatoka kama limepigwa picha ya pasipoti.

Mzee mmoja mwenye mbwa aliniuliza natafuta nini kichakani. Ndege, nikamjibu. Akaitazama lenzi, akakitazama kichaka, akamvuta mbwa wake wakaondoka.

Kinachoniponza ni sauti. Huyu ni mwigaji. Françoise Dowsett-Lemaire, aliyewachunguza hapahapa Ubelgiji na kuchapisha utafiti wake 1979, alikuta dume mmoja huiga kwa wastani aina 76 za ndege, na zaidi ya nusu ni wa Afrika! Huzikusanya sauti hizo katika mwaka wake wa kwanza. Na njia yake inapita kwetu: kule Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969 ndege wa safari huvutwa na taa za hoteli usiku wa ukungu, wakanaswa kwa nyavu, wakavishwa pete na kuachiwa. Yeye ni miongoni mwa wanaonaswa kwa wingi. Basi nachuchumaa kwenye umande wa Ulaya nikisikiliza nyika ya Voi, na magugu yananiwasha magotini.

Juzi akapanda juu ya bua, nikabonyeza. Safi, hadi manyoya ya kidevu yanahesabika. Nikawaonyesha wapenda ndege wa hapa. Wakasifu, kisha wakasema kwa sura hatofautishwi kirahisi na binamu yake wa kwenye matete. Wakauliza: alikuwa anaimbaje?

Kwa hiyo sasa nahitaji kinasa sauti. Zile pesa za mabati, Shangazi, mwambie mjomba zitachelewa kidogo.